Murder on the Orient Express: Poirot alifanya sawa kuwaachia wale watu?

mama_kitabu (Busia)

Jamani wasomaji habari zenu. Naomba maoni juu ya kitabu cha Agatha Christie, Murder on the Orient Express, kile cha treni iliyokwama kwenye theluji. Nasema mapema kabisa kwamba nitataja muuaji, kwa hiyo kama hujakisoma na una mpango wa kukisoma pita kwanza, utarudi ukimaliza.

Hapa Busia tuna kikundi chetu cha kusoma, walimu, dada mmoja anafanya kazi ya kugonga mihuri mpakani na mzee mmoja mstaafu, tunazungushana nakala moja ya mtumba kutoka Kampala, imechakaa lakini kurasa zote zipo. Tumemaliza, na tumegawanyika vibaya, watu hawakubaliani kabisa.

Kwa waliosoma zamani nawakumbusha kidogo. Poirot, yule mpelelezi Mbelgiji wa masharubu, anapanda Istanbul kwenda Calais, ni majira ya baridi na behewa limejaa hadi watu wanashangaa maana si msimu wa wasafiri. Usiku wa pili treni inakwama kati ya Vinkovci na Brod, Yugoslavia ya wakati ule, na asubuhi tajiri mmoja Mmarekani anaitwa Ratchett anakutwa amekufa kitandani, amechomwa kisu mara 12, mlango umefungwa kwa ndani na mnyororo juu. Polisi hakuna, mawasiliano hakuna, theluji imeziba kila upande, basi bwana Bouc mkubwa wa kampuni ya mabehewa ya kulala anamwomba rafiki yake Poirot ashike hiyo kesi. Ndipo inajulikana kwamba Ratchett jina lake hasa ni Cassetti, aliyemteka mtoto wa miaka 3, Daisy Armstrong, wazazi wakalipa dola 200,000 halafu mtoto akakutwa ameshakufa wiki mbili nyuma. Mama alikuwa na mimba, akajifungua mtoto mfu na yeye akafa, baba akajipiga risasi, na msichana wa kazi aliyeshukiwa bure akajirusha dirishani. Familia nzima imeisha. Cassetti akaenda mahakamani, pesa ikaongea, akatoka.

Na mwisho ndo ule, karibu behewa zima lilihusika, wote walikuwa watu wa ile nyumba ya Armstrong, ndugu, marafiki, wafanyakazi, kila mmoja alichoma. Poirot anaweka majibu mawili mezani, moja la uongo kwamba mtu wa nje alivaa sare ya kondakta akaua akashuka, na moja la kweli, halafu anamwachia Bouc na daktari wachague watakalowaambia polisi. Wanachagua la uongo.

Mi nasimama na Poirot, na nasema wazi. Mtu aliyenunua mahakama kwa pesa ya damu ya mtoto anataka aende wapi? Mwenzangu mmoja, mwalimu wa dini, akakasirika akasema ukishakubali hilo umekubali kila kitu. Nyie mnaonaje? Na swali la pili, kitabu chenyewe kama hadithi ya upelelezi kinamtendea haki msomaji? Manake kuna wengine kwetu wanasema kuwafanya watu wote kuwa wauaji ni kumchezea msomaji, unakaa kurasa zote hizo ukitafuta mmoja kumbe ni wote.

relwe_tororo

Dada mama_kitabu umenigusa mahali pangu. Mi nimekulia kota za relwe hapa Tororo, baba yangu alikuwa mtu wa stesheni, kwa hiyo hiki kitabu nakisoma kwa jicho lingine kabla hata ya kufika kwenye haki na sheria.

Watu wengi wanasoma haraka haraka wanasahau kuangalia ramani ya behewa iliyochorwa mle ndani. Usiruke ile ramani. Ukijua nani analala namba ngapi na kondakta anakaa wapi nusu ya kitabu inafunguka. Kondakta wa behewa la kulala, yule Pierre Michel, anakaa kwenye kiti chake mwisho wa korido, pasipoti za abiria anashika yeye, tiketi anashika yeye, kengele ikilia ni yeye anaenda, usiku kucha hakuna anayepita pale asimuone. Sasa jiulize, mtu wa nje angeingiaje na kutoka bila kondakta kujua? Mtu aliyewahi kusafiri usiku na treni zetu za zamani za Kampala kwenda Nairobi, zile zilizokuwa na vyumba vya vitanda na mhudumu anakuja kutandika jioni, anaelewa mara moja kwamba mhudumu wa behewa ndo anajua kila kitu. Baba alikuwa anasema hivyo hivyo, ukitaka habari ya abiria usimuulize stesheni masta, muulize anayetandika vitanda.

Jambo lingine ambalo nalipenda ni kwamba Agatha Christie hakuota tu. Treni ile ilikwama kweli kwenye theluji mwaka 1929 kule Çerkezköy, Uturuki, kwa siku kadhaa. Na mwenyewe Desemba 1931 alikuwa ndani ya Orient Express akirudi Uingereza mvua ikaharibu njia, wakakaa pale wamekwama, akamwandikia mume wake barua ndefu akimweleza abiria wenzake na vituko vyao. Mume wake alikuwa mtu wa kuchimba mambo ya kale huko Iraki, ndo maana kitabu kinaanzia Aleppo, Syria, asubuhi ya baridi kali stesheni, njia zile alikuwa anazijua kwa miguu yake. Kitabu kikatoka 1934. Sisi reli yetu ilikuwa imefika Kampala 1931 tu, miaka mitatu kabla, kwa hiyo nikisoma naona kabisa ni dunia moja, makaa ya mawe, mvuke, daraja la kwanza na la tatu.

Na kifo ndani ya behewa la kulala kwetu huku kipo cha kweli kabisa, hata si hadithi. Mwaka 1900 pale Kima, upande wa Kenya kwenye hii hii Uganda Railway, afisa wa polisi anaitwa Ryall alilala ndani ya behewa na wenzake wawili wakimvizia simba aliyekuwa anakula watu, simba akaingia ndani usiku akamtoa na kutoka naye dirishani. Behewa lenyewe lipo makumbusho ya reli Nairobi, nimeligusa kwa mkono wangu. Ukisimama pale ukaona ule upana wa chumba unaelewa hofu ya kufungiwa mahali padogo na kitu kinachoua.

Kuhusu Poirot nitarudi, ngoja nisome wengine kwanza.

bintiKasese

Mi naanza na swali la pili maana nalipenda zaidi. Kitabu hakimdanganyi msomaji, hapana, nakataa kwa nguvu zote. Kila kitu kipo mbele ya macho yako.

Chukua komeo la mlango wa Bi Hubbard, yule mama Mmarekani anayeongea bila kupumua kuhusu binti yake. Chumba chake kiko ubavuni mwa kile cha Ratchett na kuna mlango katikati. Anasema alikuwa kitandani hakuweza kuona kama komeo limefungwa kwa sababu mfuko wake wa vitu vya kuogea ulikuwa unaning'inia kwenye kitasa umelifunika, akamwomba dada Mswidi amwangalizie. Unasoma unapita, jambo dogo la wanawake na mifuko. Lakini kwenye lile behewa vyumba vya namba shufwa komeo liko chini ya kitasa, na vya namba witiri komeo liko juu, mbali kabisa na kitasa. Yeye yuko namba 3! Mfuko usingeweza kufunika komeo hata kidogo. Kwa hiyo ile hadithi yote ya mfuko ni ya kutunga, na kama yeye ametunga, na yule dada naye ameitikia, basi tayari una watu wawili wanaosema uongo mmoja. Hapo ndo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kamwandishi kanaweka jambo zito hivyo ndani ya mfuko wa sabuni.

Na sio hilo tu. Usiku kengele ya Ratchett inalia, kondakta anagonga, sauti inamjibu kutoka ndani kwa Kifaransa kwamba hakuna shida. Baadaye katibu wake MacQueen anasema bosi hakujua lugha yoyote zaidi ya Kiingereza, ndo maana alimwajiri. Basi aliyejibu nani? Na majeraha, daktari Constantine analalamika toka mwanzo kwamba hayaelewi, mengine yamezama hadi yamekata nyama yote, mengine ni kama mtu amekwaruza tu, moja limepigwa kwa mkono wa kushoto, mengine hayakutoka damu kana kwamba mtu alikuwa ameshakufa. Mwandishi anakupa jibu mikononi, ni wewe unaendelea kutafuta muuaji mmoja kwa sababu vitabu vyote ulivyosoma vina mmoja. Huo ndo uzuri wake.

Kitu ambacho nakubali na wanaolalamika ni sehemu ya pili, yale mahojiano, mtu mmoja baada ya mwingine anaingia chumba cha kulia chakula anaulizwa jina, kazi, ulikuwa wapi saa saba na robo, anatoka, anaingia mwingine. Kuna watu wanaachia hapo. Nawashauri wasiache, wachukue karatasi waandike kila mtu amesema nini, inakuwa tamu ghafla.

wakili_mdogo (Kampala)

Dada bintiKasese uko sawa kabisa kuhusu lile komeo, mimi sina la kuongeza hapo. Ila kwa Poirot mi nasema alikosea, na naomba mnivumilie niandike kirefu maana hili jambo linaniuma.

Mnajua kwa nini walichoma wote? Sio hasira tu. Walichoma mmoja mmoja gizani ili hata wao wenyewe wasijue pigo la nani lilimuua. Kitabu kinasema hivyo wazi. Sasa nyie mliokaa Kampala niambieni, hiyo mmeiona wapi? Mi nimeiona kando ya soko mchana kweupe. Watu wamemzunguka kijana wanasema ni mwizi. Jamaa mmoja akashuka kwenye boda, hakuuliza kitu, akaokota jiwe, akarusha moja tu, akapanda boda yake akaondoka kazini kwake. Jiwe moja. Ukimuuliza leo kama ameua mtu atakuambia hapana, na kweli kabisa ataamini hapana. Kila mtu pale alirusha kidogo tu, na yule kijana akafa, na muuaji hakuna.

Sasa nikisoma watu 12 wenye heshima zao, binti mfalme, kanali, mwalimu wa watoto, kila mmoja na pigo lake moja, sioni haki, naona umati uliovaa vizuri.

Watetezi wanasema 12 ni idadi ya juri. Kweli, kanali Arbuthnot mwenyewe anaongea kwa sifa juu ya kuhukumiwa na watu 12. Lakini juri inasikiliza pande zote mbili, mshtakiwa anajitetea, na juri haishiki kisu. Sisi huku tulirithi sheria ya Waingereza ila juri hawakutuachia, walituachia wazee wa baraza wanaokaa na jaji wa Mahakama Kuu, wanatoa maoni yao na jaji halazimiki kuyafuata. Hata huo utaratibu mdogo una maana yake, kwamba anayesema mtu ana hatia asiwe ndiye aliyefiwa. Ukiwa umefiwa wewe ni shahidi. Hauwezi kuwa jaji pia.

Na Poirot ndo ananisikitisha zaidi, kwa sababu kwenye kitabu hateseki hata kidogo. Sura ya mwisho anaeleza, wanachagua, anasema amemaliza kazi anajiondoa, kitabu kimekwisha. Ile muvi ya televisheni ya 2010 ya David Suchet ilijaribu kurekebisha, mle Poirot anateseka kweli, anashika rozari, anawafokea. Walioitengeneza waliona shimo lile lile ninaloliona mimi.

mama_kitabu (Busia)

Wakili nimekusoma na hilo jiwe moja limenikaa kichwani, sikatai. Lakini ndugu yangu tofauti ni kubwa. Yule kijana wa sokoni hakuna aliyejua kama ameiba. Cassetti ilijulikana, kesi ilienda hadi mahakamani, ushahidi ulikuwepo, alitoka kwa pesa na kwa kasoro ya utaratibu. Hao watu walisubiri sheria ifanye kazi yake kwanza. Umati wa sokoni hausubiri hata dakika. Huwezi kuwaweka kapu moja.

Na kumbuka nao hawakuwa watu wa kuua ovyo. Yule binti mdogo, Countess Andrenyi, mama yake mdogo Daisy, hakushika kisu, mumewe ndo alichoma kwa niaba yake. Ndo maana ukimhesabu na kondakta, watu wanaoshukiwa ni wengi kuliko majeraha. Walikuwa na mpaka wao.

gulu_msomaji

Apwoyo wote. Mi nitaongea kama mtu wa Acholi maana huku kwetu swali la mama_kitabu tumeishi nalo miaka mingi baada ya vita, watu walioua wakirudi kijijini kwa watu waliofiwa.

Wazee wetu wana mato oput. Mtu ameua mtu wa ukoo mwingine, koo zinatengana, hawali pamoja hawaoani, mpaka aliyeua akubali kwamba ameua, ukoo wake ulipe fidia, ndipo wanakaa wanakunywa ule mzizi mchungu pande zote mbili kwa pamoja. Hapo ndo uhusiano unarudi. Sasa angalia jambo la kwanza katika hayo yote, ni kukubali. Asipokubali hakuna kinachoendelea, unaweza kukaa miaka. Cassetti hakukubali kamwe, alibadilisha jina, akanunua nguo nzuri, akawa anatembea Ulaya na katibu na mtumishi, na alipopata vitisho alimwendea Poirot na pesa amlinde. Poirot akakataa, hakupenda sura yake tu. Mi nasema ule ndo wakati Poirot alihukumu, mapema kabisa kabla ya kisu.

Kwa hiyo mi sisimami na wakili moja kwa moja wala na mama_kitabu. Ninachoona ni kwamba wale 12 hawakupata kitu walichokihitaji. Walitaka Cassetti ajue. Kitabu kinasema walimlewesha dawa, alikuwa amelala, hakuona uso wa hata mmoja wao. Bibi yake Daisy, mwigizaji mkubwa, yule aliyejiita Bi Hubbard, alimkalia ubavuni chumba cha jirani safari nzima na hakumwambia mimi ni nani. Hilo kwangu ni kubwa kuliko swali la sheria. Damu imemwagika na ukweli haukusemwa mbele ya aliyekosa.

Mwisho wanasema ukweli, sawa, lakini wanausema kwa Poirot. Poirot hakuwa ndugu yao wala adui yao.

bintiKasese

Gulu_msomaji umenifungua. Sikuwahi kuangalia kwamba alikufa amelala.

Nami narudi kwa wakili, kwa sababu naona ameacha silaha yake kubwa kwenye kitabu chenyewe. Mnamkumbuka Susanne? Yule msichana wa kazi kwa akina Armstrong. Polisi walimshuku kwamba alishirikiana na watekaji, wakambana, hawakumwamini, akajirusha dirishani akafa, na baadaye ikathibitika hakuwa na hatia yoyote. Huyo aliuawa na nini? Na kushukiwa. Hakuna aliyemgusa, watu walikuwa na uhakika tu. Na hii pia mwandishi aliichukua kwenye mambo ya kweli, manake kesi ya Armstrong inafanana na ile ya mtoto wa rubani Charles Lindbergh aliyetekwa Machi 1932 huko New Jersey, na mle pia kulikuwa na msichana wa kazi, Violet Sharp, polisi walimhoji tena na tena hadi akanywa sumu Juni mwaka ule ule, na hakuwa amehusika. Kitabu kilitoka Januari 1934, mtu aliyeshtakiwa kwa ile kesi alikamatwa Septemba 1934. Maana yake aliandika wakati bado hakuna anayejua nani amefanya, watu wote wana hasira na hakuna wa kumshika.

Sasa angalia nani alikuwa baba yake Susanne. Pierre Michel, kondakta! Na yule Hardman aliyekuwa anajifanya mlinzi wa Ratchett, ndo alimpenda Susanne. Watu wawili kati ya 12 wako pale kwa sababu ya binti aliyekufa kwa hukumu isiyo na ushahidi. Kwa hiyo mama_kitabu anaposema hawa si umati, mi nakubali kwa sehemu, hawa ni watu walioumizwa na umati kabla. Lakini wakili naye ana haki kuuliza, mtu aliyeona binti yake anakufa kwa sababu watu walikuwa na uhakika, anawezaje kushika kisu kwa uhakika ule ule? Mwandishi hakujibu. Ameweka tu kisu mkononi mwa Michel akaondoka.

wakili_mdogo (Kampala)

Susanne nilimsahau kumtaja na ni kweli hiyo hoja ina nguvu kuliko zangu zote. Asante dada.

Kitu kimoja niongeze ambacho hakijatajwa. Mle ndani Bouc toka mwanzo anamshuku yule Mwitaliano, Foscarelli, muuza magari, kwa sababu eti Waitaliano ni watu wa visu, na Mwingereza hawezi kuchoma. Anarudia rudia. Kwa msomaji wa Uganda hiyo inasikika kama nyumbani kabisa, kitu kikipotea kwenye kampuni watu wanaangalia kwanza mtu anatoka kabila gani, wa huko ndo walivyo. Na mwandishi anaitumia kama mtego, anayemfuata Bouc anapotea njia, kwa sababu Mwingereza naye alichoma, na Mswidi mtu wa dini, muuguzi wa shule ya misheni, alichoma, na bibi mzee wa kifalme wa Kirusi naye, mkono hauna nguvu lakini alichoma. Hapo nampa heko.

mama_kitabu (Busia)

Nimewasomea wenzangu kikundini majibu yenu, mwalimu wa dini amefurahi sana na wakili, na mzee mstaafu ameenda upande wa gulu_msomaji moja kwa moja, anasema kwao pia, upande wa Samia, mambo ya damu hayaishi bila kukaa pamoja. Mimi bado nasimama na Poirot ila si kwa urahisi ule wa mwanzo, nitaongeza tu kwamba nataka angalau angewauliza wale watu mnaendaje kuishi baada ya hapa. Hakuna aliyewauliza.

Mwenzangu wa mpakani anauliza, muvi ipi nzuri kati ya ya 1974 na ya 2017?

bintiKasese

Ya 1974 ya Sidney Lumet, bila kusita. Iko taratibu, mahojiano yote yapo, na Ingrid Bergman anacheza yule dada Mswidi akapata Oskari kwa sehemu fupi tu, kamera inamkalia usoni anaongea bila kukatizwa. Ya 2017 ya Kenneth Branagh ina theluji nzuri na milima lakini wanakimbizana nje ya treni, na kitabu hiki utamu wake ni kwamba hakuna pa kukimbilia.

relwe_tororo

Nilisema nitarudi kwa Poirot, nimerudi, lakini nataka kuongea juu ya Bouc.

Nyote mnasema Poirot aliwaachia. Poirot aliweka majibu mawili mezani. Aliyechagua ni Bouc, na daktari akaunga mkono. Bouc ni nani? Mkubwa wa kampuni. Treni ni yake, behewa ni lake, na kondakta aliyeshiriki kumuua abiria usiku kwenye zamu yake ni mfanyakazi wake, Pierre Michel, ambaye mwanzoni kabisa Bouc mwenyewe alimtetea kwamba ameitumikia kampuni zaidi ya miaka 15 na ni mtu mwaminifu. Sasa fikiria polisi wa Brod wameingia, gazeti la kesho yake Paris linaandika kwamba kondakta wa kampuni amefungua mlango wa abiria kwa funguo za kampuni ili auawe. Nani atapanda tena lile behewa? Jibu la mtu wa nje aliyeiba sare linamwokoa Michel, linaokoa binti mfalme na kanali, na linaokoa kampuni nzima. Bouc hakuwa mtu wa kupewa uamuzi ule hata kidogo, alikuwa na mali yake ndani, na Poirot alijua hilo vizuri sana, ni rafiki yake wa miaka.

Nilikuwa nafikiria sana Michel. Abiria wengine wote wakifika wanakokwenda wanashuka wanaenda zao, hawatalala tena kwenye lile behewa. Yeye kazi yake ni pale, kiti chake ni kile kile mwisho wa korido, na chumba namba 2, kile cha Ratchett, atakitandika tena kwa ajili ya abiria mwingine wiki inayofuata.